Bi Hill, madaktari wawili na dawa ya bibi wa Shropshire

Tarehe 25 Julai 1776 madaktari wawili walikutana kando ya kitanda cha mwanamke mmoja huko Aston, karibu na Newport, katika jimbo la Shropshire nchini Uingereza. Bi Hill alikuwa na umri wa kati ya miaka 40 na 50. Kulala kitandani hakuweza, na aliyemtazama angesema anasongwa roho. Mapigo yake ya moyo yalikuwa dhaifu na yanakwenda ovyo, uso umesawajika, mikono imekuwa ya rangi ya risasi, baridi, inanata jasho. Tumbo, mapaja na miguu vilikuwa vimefura. Kiu ilimsumbua mno, lakini mkojo ulitoka kijiko kimoja kwa mara, na mara zenyewe za kuhesabu.

Daktari wa kwanza alikuwa Erasmus Darwin wa Lichfield, tabibu mwenye jina kubwa, mshairi, mtu wa kila fani, babu wa yule Charles Darwin wa nadharia ya mageuko ya viumbe. Aliitwa nyumbani hapo kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni. Kwa wiki zote hizo alikuwa amejaribu karibu kila alichokuwa nacho: dawa za kuzibua, za kutia nguvu, za kutuliza mishtuko, za kukojosha, za kuharisha. Kilichompa mgonjwa nafuu kidogo ni ipekakuana, dawa ya kutapisha, nayo dozi yake ilikuwa imepandishwa kutoka punje 15 hadi 40 (punje ni kipimo kidogo cha uzito wa dawa), mpaka tumbo likaizoea na kutapika kukakoma. Lilitolewa wazo la kumchanja miguu ili maji yatoke. Halikukubaliwa.

Daktari wa pili, aliyeitwa ili washauriane, alikuwa William Withering wa Birmingham, mwenye miaka 35.

Withering alikuwa na kitu kimoja kichwani ambacho mwenzake hakuwa nacho, na alisita kukitaja. Sababu za kusita alizieleza mwenyewe baadaye. Aliona mgonjwa ameshafika ukingoni. Akifa, dawa itapata jina baya wakati yeye anaamini inaweza kuwafaa watu wengi. Tena lawama zingemwangukia yeye, kwa kuwa hapakuwa na tabibu mwingine msomi aliyeitumia ambaye angeweza kumtetea. Nampenda Withering kwa maelezo haya. Sababu moja ni ya kuilinda dawa, nyingine ni ya kujilinda yeye, na zote mbili kaziandika bila kuzipamba. Kisha akasema. Darwin, kwa ungwana wote, akakubali papo hapo, na kwa kuwa hakuwahi kuiona dawa hiyo ikitolewa, akamwachia mwenzake maandalizi na kipimo.

Majani mabichi ya mmea uitwao dijitalisi, wakia 4, yakachemshwa katika painti moja na nusu ya maji mpaka ikabaki painti moja. Bi Hill akanywa dozi tano. Alichafukwa vibaya sana. Lakini katika saa 24 za kwanza alikojoa zaidi ya kwati nane, yaani si chini ya lita saba. Uzito uliokuwa umembana tumboni ukapungua, pumzi ikawa nyepesi, mapigo yakajaa na kushika mpangilio, miguu ikanywea.

Miaka tisa baadaye madaktari hao wawili walikuwa hawaelewani juu ya nani mwenye dawa hiyo. Na mtu wa tatu, ambaye bila yeye pengine kusingekuwa na la kugombania, hakuwamo chumbani kabisa.

Mimea ishirini, na mmoja tu wenye nguvu

Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji mdogo wa Wellington, Shropshire hiyo hiyo, mwana wa mtengeneza dawa. Alisoma udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1766, na masomo ya mimea pale yalimchosha; barua zake kwa wazazi hazikuficha hilo. Kilichombadilisha si profesa. Alipoanza kazi katika hospitali ndogo ya Stafford alimtibu binti mmoja aliyeitwa Helena Cookes, aliyependa kuchora maua. Daktari akawa anarudi na mimea kutoka safari zake ili binti apate vya kuchora. Wakaoana mwaka 1772. Miaka minne baadaye Withering alitoa kitabu kikubwa cha mimea yote ya Uingereza iliyojulikana kwa wakati huo, ingawa aliondoa humo istilahi za Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, zinazohusu jinsia za maua, akihofia kwamba wasomaji wanawake wangeona haya. Mke aliyemfundisha kupenda maua sidhani kama angezimia.

Mwaka 1775 daktari William Small wa Birmingham alifariki, na Darwin, kwa mkono wake mwenyewe, alimwandikia Withering aje kushika nafasi hiyo. Likumbukwe hili. Urafiki wao ulianza kwa fadhila, na fadhila hiyo Darwin ndiye aliyeitoa.

Mwaka huo huo Withering aliulizwa anaonaje kuhusu dawa ya ukoo mmoja, dawa ya ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Aliambiwa imekuwa siri ya bibi mmoja mzee wa Shropshire, aliyewahi kuponya watu ambao madaktari waliosomea walikuwa wameshindwa nao. Ilichanganywa kwa mimea 20 au zaidi. Aliambiwa pia kwamba hutapisha na kuharisha kwa nguvu. Kwamba inakojosha, hakuna aliyekuwa ametilia maanani. Withering alipoitazama orodha hakuchukua muda. Kwa mtu aliyeshika mimea, aliandika, haikuwa shida kuona kwamba wenye nguvu kati ya yote hauwezi kuwa mwingine ila dijitalisi: mmea wa porini wa Ulaya, bua moja refu, maua ya zambarau yanayoning'inia upande mmoja, kila ua likitosha kuingia ncha ya kidole.

Hadithi inayosambazwa sana humpa bibi huyu jina la Mama Hutton, na kuna picha inayomwonyesha akimkabidhi Withering mimea yake. Picha hiyo ilichorwa kwa ajili ya tangazo la kampuni ya dawa ya Marekani mwaka 1928. Katika kitabu cha Withering cha mwaka 1785 juu ya dijitalisi hakuna jina hilo wala hakuna mkutano huo. Bibi halisi anapata nusu ya sentensi: mwanamke mzee, Shropshire, alikuwa na siri. Kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba rafiki yake Dkt. Ash alimsimulia juu ya Dkt. Cawley, mkuu wa chuo kimoja cha Oxford, aliyeponywa maji ya kifuani kwa mizizi ya dijitalisi baada ya madaktari wakubwa kukata tamaa naye. Cawley ana jina na cheo, naye alikuwa mgonjwa tu.

Nimtendee haki: mapishi yalimfikia kupitia watu wengine, na huenda jina hakuambiwa. Pia hakuficha kwamba chanzo ni mwanamke wa kijijini, jambo ambalo daktari mwenye majivuno angelimeza. Lakini hata kuuliza jina, kama aliuliza, hakukumstahilia mstari.

Kosa lililokuwa ndani ya ushindi

Turudi kwenye dozi za Bi Hill, maana hapo ndipo wasimulizi wengi hupita haraka wakishangilia lita za mkojo.

Wakia 4 za majani mabichi ni zaidi ya gramu 110. Withering wa mwaka 1785, yule aliyekwisha kukomaa, alitaka unga wa majani makavu punje 1 hadi 3, mara mbili kwa siku. Punje tatu hazifiki hata gramu 0.2. Hata ukitoa uzito wa maji yaliyomo kwenye jani bichi, na hata ukizingatia kwamba mgonjwa hakumaliza painti nzima, pengo ni la kutisha. Bi Hill alipona akiwa amepewa kipimo ambacho mtoaji wake baadaye angekikataza.

Na Withering alilijua hilo. Birmingham alikuwa na utaratibu wa kuwaona maskini bure saa moja kila siku, na kwa mwaka walikuwa kati ya elfu mbili na elfu tatu. Ni hao waliokuwa wa kwanza kujaribiwa dijitalisi. Alikiri kwamba mwanzoni, na kwa muda mrefu, aliwapa nyingi mno na kwa siku nyingi mno, kwa sababu alilinganisha na mmea mwingine wa kukojosha ambao hufanya kazi vizuri zaidi mgonjwa akianza kuchafukwa. Alikuwa anatafuta kichefuchefu kama alama ya mafanikio, kumbe kwa dijitalisi ni alama ya sumu. Alikiri pia kwamba kwenye foleni ile hakuweza kuandika kumbukumbu za kila mtu. Maskini wa Birmingham walilipa ada ya aina yake kwa elimu ile, na hesabu yao haimo mahali popote.

Kilichofuata ni miaka kumi ya kurekebisha. Akaacha mizizi, kwa kuwa nguvu yake hubadilika na majira. Akashika majani, tena yachumwe wakati bua limeshachomoza na maua yanakaribia kufunguka. Akaacha kuchemsha sana, akatumia maji ya moto ya kuloweka, kisha unga. Jani litolewe kikonyo na mshipa wa katikati, sehemu iliyobaki ikaushwe juani au kwenye sinia la bati mbele ya moto, isagwe. Kila hatua hapo ina lengo moja, kwamba kijiko cha leo kiwe na nguvu sawa na kijiko cha jana.

Halafu akaweka kanuni ya kuacha. Mgonjwa aendelee na dawa mpaka iguse figo, au tumbo, au mapigo ya moyo, au utumbo. Ikigusa kimojawapo tu, isimame mara moja. Orodha yake ya dalili za aliyezidishiwa bado inaweza kubandikwa ukutani wodini: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vikiwa vya kijani au njano, mapigo kushuka hata kufikia 35 kwa dakika, jasho baridi, degedege, kuzimia, kifo.

Nani mwenye dawa?

Mwaka 1778 mtoto wa Erasmus Darwin, Charles (si yule wa nadharia ya mageuko), aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, alifariki bado kijana. Mwaka 1780 baba alichapisha maandishi ya mwanawe, akaambatanisha visa vya wagonjwa waliopewa dijitalisi. Mwaka 1785 makala ya Darwin mwenyewe juu ya dijitalisi ilitoka katika jarida la chuo cha madaktari London. Kisa cha mwanamke wa Aston kimo. Jina la Withering kwenye kisa hicho halimo.

Withering naye alitoa kitabu chake mwaka huo huo wa 1785, na humo kisa cha Bi Hill ni cha nne, kimesimuliwa kwa tarehe: nani aliitwa lini, nani alipendekeza nini, nani hakuwahi kuiona dawa hiyo ikitolewa. Anamsifu Darwin kwa ungwana wake wa kukubali haraka. Ukisoma ukijua ugomvi uliopo, sifa hiyo ina makali. Kila neno la heshima linamweka Darwin mahali pa mwanafunzi. Miaka mitatu baadaye Withering aligombana tena na familia hiyo, safari hii na mtoto mwingine wa Darwin, Robert, daktari wa Shrewsbury, juu ya mgonjwa mwingine. Urafiki haukupona.

Kwa kipimo cha nani alichapa kwanza, Darwin ameshinda kwa miaka mitano. Wapo wanaomtetea hivyo, na hoja yao si ya kubeza: alikuwamo chumbani, aliidhinisha, tangu hapo aliwapa wagonjwa wake mwenyewe, na alichapa. Shida yangu na Darwin si kuchapa. Ni kwamba mtu aliyemwachia mwenzake maandalizi na kipimo cha dawa alikuja kuisimulia bila kumtaja aliyemfundisha.

Lakini mbona Withering alikaa kimya miaka kumi? Hakuwa mtu wa kuficha. Mwaka 1779 habari za dijitalisi zilifikishwa kwa niaba yake kwenye jumuiya ya kitabibu Edinburgh, na mwaka 1783 mmea uliingizwa katika kitabu rasmi cha dawa cha mji huo. Kilichomsukuma achape mwishowe, kwa maelezo yake, ni kuona matumizi yanaenea bila uangalifu: aidha watu wangeuawa kwa dozi kubwa, au dawa yenye manufaa ingetupwa kwa kuitwa sumu isiyodhibitika.

Hapa ndipo hukumu yangu inapoegemea. Angechapa mwaka 1776, mara tu baada ya Bi Hill, asingekuwapo wa kumpinga. Jina lingekuwa lake bila ubishi. Na kilichochapwa kingekuwa wakia nne za majani mabichi. Mafanikio yale makubwa yangekuwa mafunzo ya kuua watu. Miaka kumi ilimnyima nafasi ya kutangulia, ikampa kipimo, na kipimo ndicho mchango wake hasa. Kuujua mmea, bibi wa Shropshire alikwisha kuujua. Kuupeleka kwa wasomi, Darwin angeweza. Kumwambia daktari asiyewahi kuuona ni kiasi gani atoe, aache lini na nani asipewe, hilo lilihitaji mtu aliyekuwa tayari kuandika visa zaidi ya 150 bila kuchagua vizuri tu. Na alisema wazi: kuchagua kungempendezesha yeye, lakini ukweli na sayansi vingekataa. Kwa hiyo wamo waliopona, wasiopata chochote, waliokufa, na wale ambao yeye mwenyewe aliona baadaye kwamba hakupaswa kuwapa.

Alichokiona bila kukijua

Withering aliamini dijitalisi ni dawa ya kukojosha. Hakujua kwamba maji ya Bi Hill yalitokana na moyo. Leo tunasema moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu, na yale mapigo yaliyokwenda ovyo yakaja kushika mpangilio yanamfanya daktari wa sasa ashuku vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga. Dijitalisi huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye chembe za misuli ya moyo. Misuli hukaza kwa nguvu zaidi, na ishara zinazoshuka kutoka vyumba vya juu hupunguzwa kasi. Moyo ukisukuma vizuri, figo zinapata damu, mkojo unatoka.

Ila soma jinsi anavyowagawa wagonjwa. Haifanyi kazi, anasema, kwa mtu mwenye nguvu za asili, ngozi ya moto, uso mwekundu, mshipa uliokaza kama kamba. Hufanya kazi kwa mwenye mapigo dhaifu au yanayorukaruka, uso uliopauka, midomo ya bluu, ngozi baridi, tumbo laini lenye maji, miguu inayobaki na shimo ukibonyeza kidole. Kundi la pili, kwa sehemu kubwa, ni la wagonjwa wa moyo. Alilichambua kwa macho na vidole vyake wakati stetoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo, haijabuniwa bado. Na mahali fulani kalamu yake inakaribia kabisa: anasema dawa hii ina uwezo juu ya mwendo wa moyo ambao haujaonekana katika dawa nyingine yoyote, na kwamba uwezo huo unaweza kugeuzwa kuwa wa kuponya. Hakulifuata wazo hilo mbali zaidi.

Kemikali za aina hii zimetapakaa duniani kuliko Withering alivyoweza kudhani. Sumu ya mishale ya Wagiriama na Wakamba, inayochemshwa kutoka miti ya jamii ya Acokanthera, ni ya kundi hilo hilo. Na John Kirk, kabla hajawa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikuwa na Livingstone kwenye mto Zambezi pale mswaki wake ulipogusana na sumu ya mishale iliyotoka kwenye mmea wa Strophanthus. Alipopiga mswaki aliona mapigo yake ya moyo yamebadilika. Sampuli zikaenda Edinburgh, na kwa muda mrefu dawa ya moyo ilitengenezwa kutokana nazo. Waliokuwa wakiichemsha sumu hiyo kizazi baada ya kizazi nao hawakuandikwa majina.

Withering alifariki Oktoba 1799, baada ya miaka ya kifua kilichomla polepole na majira mawili ya baridi aliyokwenda kujiuguza Lisbon. Mganga hajigangi. Darwin alikuwa ameitangaza dijitalisi hata kwa kifua kikuu, na kuelekea mwisho wa karne Thomas Beddoes wa Bristol aliipigia debe kwa ugonjwa huo huo. Haikuponya. Karne ya 19 ilipoanza madaktari waliitoa kwa maradhi mengi yasiyoihusu, kwa dozi alizozikataza.

Mwaka 1930 kemikali moja safi, digoksini, ilitolewa kwenye mmea wa ukoo huo huo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 250, na tofauti kati ya kinachotibu na kinachodhuru bado ni ndogo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1997, la wagonjwa 6,800 wa moyo, lilionyesha kwamba hupunguza kulazwa hospitalini lakini haipunguzi vifo. Haipewi kila mtu tena. Anayepewa wodini hupimwa kwanza mapigo kwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 muuguzi kwa kawaida haitoi dozi hiyo mpaka amwarifu daktari, ambaye atamuuliza mgonjwa kama amechafukwa, na kama anaona vitu vikiwa vya njano.